Muache kukariri teksti! Mhadhara juu ya vijana wa Chicago na komedi yao

Aksanti bandugu, bapapa na bamama, mukae tu, na wale wa nyuma musogee mbele juu mikro hii inakatakata. Sitaeleza Chicago iko wapi, naingia moja kwa moja mu shida yangu, na wale walishanisikia mwaka jana wavumilie juu nitairudilia mpaka iingie: kikundi cha komedi hakifi juu ya kukosa feza, kinakufa juu ya karatasi. Nazunguka mu repetisyo, mazoezi ya vijana, hapa Lubumbashi, ku kampusi ya Kassapa, mu Katuba, mu komini ya Kenya, kitu ni kile kile, mutoto amesimama na karatasi mukononi, sketchi, muchezo mufupi wa kuchekesha, imeandikwa neno kwa neno, na mara mingi mu Kifaransa cha kitabu, anakariri kama katekisimu, akisahau mustari mumoja wote wananyamaza wanaangaliana. Sasa nani atacheka?

Muone wale vijana wa Inivasite ya Chicago, kule Marekani. Mwanzo wa miaka ya 1950, inivasite yao ilikuwa haina fakilte ya teatre, hakuna diplome ya kuchezea. Wanafunzi benyewe njo walikuwa wanapanga michezo. Mu 1953 Paul Sills, aliyesoma pale, na David Shepherd, mwenye alitoka Harvard, wakafungua na wenzao teatre ndogo, na tarehe 5 Julai 1955 wakaanzisha kikundi cha komedi, Compass, mu bar, bandugu, bar ya ku barabara ya 55, karibu na kampusi, watu wanakunywa bia yao pale pale mbele ya baaktere. Na hawakukuwa na teksti! Walikuwa na senario tu: sini ya kwanza nani anaingia, anataka nini, sini ya mwisho inaishia wapi, basi. Maneno wanayatafuta mule mule mu kucheza. Walikuwa wanasoma gazeti la siku ile wanaligeuza muchezo, halafu wanauliza watu wa mu bar wawape mada, wanajitenga kidogo tu, wanarudi wanaicheza.

Najua jibu lenu. Bila teksti ni fujo, kila mutu atasema yake. Hapana! Njo pale munakosea kabisa, na nitakaa hapa kidogo.

Paul Sills alikuwa na mama, Viola Spolin. Mama huyu alijifunza kwa Neva Boyd pale Hull House, nyumba ya kusaidia wageni na maskini mu Chicago, na Boyd alikuwa anafundisha kupitia michezo ya watoto. Mwisho wa miaka ya 1930, mu programu ya serikali ya Marekani ya kupatia watu kazi, Viola akafundisha drama mu makartye ya wahamiaji, watoto wa lugha mbalimbali, ukiwapa teksti umewafungia mulango siku ya kwanza. Akatunga michezo. Na kila muchezo uko na sheria, tena kali kuliko teksti yenu.

Mufano, kuvuta kamba. Nyie wawili, mupande hapa. Hakuna kamba, muvute. Munaona? Huyu anakunja uso, anatoa macho, anachekesha watu, na mwenzake amerudi nyuma hatua mbili lakini yeye hajasogea hata kidogo. Kamba imekuwa mupira wa kurefuka! Haya, tena. Kamba ni moja, unene wake ni ule ule mu mikono ya wote wawili, mumoja akishinda hatua moja mwingine anakokotwa hatua ile ile. Musiangalie watu, muangalie kamba. Mikono! Mugongo! Kamba! Munaona sasa? Yule wa kushoto ameteleza kwa kweli, na hakuna mutu alimwambia ateleze. Viola njo alikuwa anafundisha vile, anaitaita kutoka pembeni bila kusimamisha muchezo, na mukimaliza hatoi sifa wala matusi, anarudi kwa wenye kutazama: kamba mumeiona ama hamukuiona? Mukae, aksanti sana.

Ile njo disipline. Mutu mwenye amezoea kuona kamba ya mwenzake hawezi kumuangusha mwenzake mu sini. Mu 1955 Viola alifika kufundisha baaktere wa Compass michezo ile ile ya watoto, wakubwa wazima, na ikafanya kazi.

Muchukue Mike Nichols na Elaine May, baaktere wa Compass ile. Mike alizaliwa Berlin mu 1931, akafika Marekani na miaka 7 tu, Kingereza karibu hakijui, na ku Chicago alianza masomo ya kumupeleka ku udaktari. Elaine aliacha shule na miaka 14, alifika kwa kuomba lifti barabarani, na alikuwa anaingia mu madarasa bila kuandikishwa popote. Siku moja Mike anamukuta ku stasyo ya treni ya Randolph Street, amekaa ku benchi. Anamukaribia, anamuuliza kwa sauti ya jasusi wa kigeni kama anaweza kukaa. Elaine anamujibu na sauti ya jasusi vile vile, na wakaendelea. Mutu wa kuwaambia tuanze hakukuwa. Ile ilikuwa tayari sketchi, na watu hawa wawili mu 1960 walijaza teatre ya Broadway, kule New York.

Na musiniambie: “Papa profesere, ile ni ya wazungu.” Hapa Lubumbashi muchekeshaji Mufwankolo na kikundi chake wamecheza vile mu radio na mu televizyo, mu Kiswahili cha muji huu! Mu 1986 Johannes Fabian, antropologi, aliwarekodi wakitengeneza muchezo kutoka ku mezali ya kwamba mamlaka inakulwa nzima. Wanakaa, wanabishana juu ya maana yake, wanagawa sini, wanagawa kazi, wanafanya repetisyo, na maneno yanabadilika kila mara. Kitu hicho kiko nyumbani kwenu, na munaenda kukikariria mu Kifaransa!

Naonyeshwa saa. Shepherd alitaka teatre ya wafanyakazi, na wenye walikuja ni wanafunzi na baprofesere wa kartye, hilo nilitaka nilikalie juu siye ni muji wa mine, basi tutaongea siku ingine. Compass ya Chicago ilifunga Januari 1957. Tarehe 16 Desemba 1959 Sills, Bernie Sahlins na Howard Alk wakafungua teatre ya komedi Second City ku Wells Street, maana yake “muji wa pili”, jina walilichukua mu makala ya gazeti la New York yenye ilikuwa inazarau Chicago. Iko inacheza mpaka leo.

Wenye vikundi, Jumamosi muje hapa bila karatasi hata moja. Kila kikundi kilete senario mbili tu: mamama mu mustari wa mabido ya maji, na ugomvi wa feza ya kurudishia mu bisi. Tutaanza na kamba. Sasa maswali, na waanze wale wa nyuma.