Jinsi ya kupiga santuri ya 78 ya Count Basie na kuwatambua wapigaji wake

Karibu mtazamaji. Santuri niliyoshika ni ya 78, yaani inazunguka mara 78 kwa dakika: "One O'Clock Jump" ya bendi ya jazi ya mpiga piano Count Basie, iliyorekodiwa New York tarehe 7 Julai 1937 kwa kampuni ya Decca. Lebo za wakati ule kwa kawaida zilibeba jina la kiongozi tu. Waliopuliza na kucharaza tutawatafuta kwa masikio.

Kwanza isafishe. Ishike ukingoni, ikikuponyoka itavunjika kama sahani. Spiriti usitumie hata tone, kwa sababu santuri hizi ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha. Tumia maji safi, sabuni ya vyombo kidogo sana na brashi laini. Tazama mkono wangu: napiga brashi kufuata mifereji, wala siikati. Lebo isilowe. Suuza, kisha kausha papo hapo.

Pili, sindano. Ile ya LP, santuri za plastiki za baadaye, ni nyembamba mno. Inazama chini ya mfereji kwenye uchafu na utasikia mikwaruzo tu. Nunua ya santuri za 78, ambayo ncha yake ni nene karibu mara tatu. Weka kasi kwenye 78.

Sasa shusha sindano taratibu. Anayeanza kwa piano ni Basie mwenyewe. Baada yake kila mpigaji anapewa duru moja ya bluzi, mizani 12 za mapigo manne manne, yaani kama robo dakika, kisha anampisha mwenzake. Saksafoni ya kwanza, yenye sauti nzito inayotetemeka, ni Herschel Evans. Inafuata tromboni ya George Hunt. Halafu saksafoni nyingine, na hapa naomba utulie kabisa: ni ya aina ileile, saksafoni ya tenor, lakini sauti ni nyepesi, imenyooka, haina haraka. Huyo ni Lester Young. Kwangu mimi, duru hiyo peke yake inatosha kuitafuta santuri hii. Anayempokea kwa tarumbeta ni Buck Clayton.

Wote wamebebwa na Walter Page kwenye besi na Jo Jones kwenye drams. Upande ukiisha, inua sindano, rudi mwanzo, na safari hii mfuate Freddie Green tu: gitaa lisilo na umeme, mapigo manne kila mizani, tangu wenzake wanapoingia hadi mwisho.