Chora glasi inayosimama juu ya karatasi bapa

Haya karibuni, leo tunachora glasi ambayo ukiitazama kutoka juu ni mchoro uliovutika tu, hausomeki, ila ukiweka jicho panapotakiwa inasimama mezani unatamani kuishika. Michoro hii inaitwa anamofosi na kwangu mimi hakuna uchoraji mtamu kama huu. Mchoraji Holbein aliitumia mwaka 1533 kwenye ile picha ya mabalozi wawili iliyoko London, pale chini kuna kitu kimelala mshazari, ukisogea pembeni kulia ndo unaona ni fuvu.

Unganisha karatasi mbili kwa selotepu, zibandike mezani. Simu kwenye stendi, iinamie karatasi kwa mshazari. Washa gridi ya kamera, ile inayogawa skrini vyumba 9. Kuanzia hapa simu haiguswi! Usizoom, usiisogeze, hata meseji ikiingia iache.

Sasa macho kwenye skrini, mkono kwenye karatasi, weka nukta kila mistari ya gridi inapokutana na pale inapogusa kingo za skrini, halafu unganisha kwa rula. Utaona vyumba vya karibu ni vidogo, vya mbali vinapanuka na kurefuka, ni sawa kabisa, kamera inapunguza vya mbali kwa hiyo sisi tunaviongeza.

Kwenye karatasi ndogo yenye umbo la skrini chora glasi yako, igawe vyumba 9, hamisha chumba kwa chumba kwenye ile gridi ya karatasi kubwa. Mdomo wa glasi utatoka mpana kama beseni, usiurekebishe, nakuomba usiurekebishe, amini skrini.

Ngoja... mnaona mistari haiendani tena na gridi? Meza imetikisika. Acha kuchora, rudisha simu taratibu mpaka nukta zilale juu ya gridi, ndo uendelee. Narudia, simu isiguswe.

Weka kivuli upande usio na taa, futa gridi, kisha kata karatasi kufuata mdomo wa glasi, huo ukingo ndo unaofanya ionekane imesimama.

Ukitazama kwa macho matupu bila simu, fumba jicho moja, jingine liwe pale ilipokuwa lenzi. Ndo maana kanisa la Sant'Ignazio kule Roma lina alama sakafuni, ukisimama hapo turubai bapa la mchoraji Andrea Pozzo la 1685 linaonekana kuba, ukihama linapinda. Na wewe mwekee mtazamaji alama yake.