Manjano ya kijiko na manjano ya kidonge: jinsi ya kuyatumia bila kuliumiza ini

Habari yako, mtazamaji, na karibu. Hapa mezani nina kopo la unga wa manjano, mafuta ya kupikia, pilipili manga, ndimu, kipande cha sabuni na kichupa cha vidonge vya kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi yake. Kuna na kitambaa cheupe, hicho nimekileta makusudi kikaharibiwe.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: nitie manjano kwenye chakula, au ninunue vidonge? Mtu akiniuliza hivyo nami humuuliza, unataka yakutibu nini, na unatumia dawa gani sasa hivi? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu. Twende hatua kwa hatua, na hatua ya nne tafadhali usiiruke hata kama una haraka.

Hatua ya kwanza, uione kurkumini kwa macho yako. Chukua glasi mbili. Moja tia maji baridi, nyingine mafuta yaliyopata joto kidogo, yasiwe ya kuchemka. Kila glasi ipate robo kijiko cha unga. Koroga, kisha uache dakika mbili.

Sasa sogea uangalie. Kwenye maji, unga umezunguka weee, mwishowe umetuama chini kama tope, na maji ya juu yana rangi hafifu tu. Kwenye mafuta, unga nao umetuama, lakini mafuta yenyewe yamegeuka dhahabu. Rangi hiyo ndiyo kurkumini. Haipatani na maji, inapatana na mafuta. Mtu anayekoroga manjano kwenye glasi ya maji na kunywa tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa ya anachokitafuta inapita tu.

Bado hatujamaliza. Dondosha mafuta haya ya dhahabu kwenye kitambaa. Lowesha sabuni, usugue palepale penye doa. Umeona? Nyekundu! Wekundu wa damu iliyoanza kukauka. Mara ya kwanza jambo hili lilinikuta kwenye kola ya shati, nikakimbilia kioo kutafuta nimejikata wapi. Sasa kamulia ndimu hapo hapo. Rangi inarudi njano.

Huu si mchezo wa watoto. Unachokiona ni kurkumini ikigeuka inapokutana na alkali, yaani kitu kilicho kinyume cha asidi, kama sabuni, na alkali haiipendi, huivunja. Tumboni kuna asidi, lakini ukishuka kwenye utumbo mdogo, na hata kwenye damu, hali inaelemea kidogo upande wa sabuni. Wanasayansi walipoiweka kurkumini kwenye maji yenye hali kama ya damu, yasiyo na protini, asilimia 90 hivi ilikuwa imevunjika ndani ya nusu saa. Na kile kidogo kinachopenya utumbo, ini hukidaka haraka na kukitafutia njia ya kutokea.

Basi ukisoma mahali kwamba kurkumini imeua seli za saratani maabara, usikatae, pengine ni kweli kabisa. Ila seli zilizo kwenye kisahani cha maabara hazina utumbo wala ini. Mwaka 2017 kundi la wanakemia lilipitia utafiti wote huu, yakiwemo majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, na hitimisho lao lilikuwa kali: hakuna jaribio lililofanywa kwa masharti magumu, ambapo mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapewa dawa na nani kidonge kitupu kisicho na dawa, lililofaulu. Mimi naona walikaza kamba kupita kiasi, na nitakueleza kwa nini. Lakini ni vizuri ujue kwamba shaka hiyo inatoka kwa watu wa kemia wenyewe, wala si maneno ya wachonganishi.

Hatua ya pili ni hesabu, kwa hiyo shika kalamu. Kijiko kimoja cha chai cha unga, kilichosawazishwa juu, ni kama gramu 3. Kurkumini ndani ya unga ni takriban asilimia 3. Maana yake kijiko kizima kina miligramu 90 hivi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 za dondoo, yaani manjano yaliyokamuliwa yakabaki kurkumini asilimia 95, kina miligramu 475. Kidonge kimoja, vijiko vitano na ushee! Watu wanaosema "ni kiungo tu, hakina madhara" wanazungumzia kijiko, halafu wanameza kidonge. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kamati ya wataalamu ya WHO, shirika la afya duniani, na FAO, shirika la chakula na kilimo, inapoizungumzia kurkumini kama rangi ya chakula, imeweka kiwango cha hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60, hiyo ni miligramu 180.

Hatua ya tatu: taja ugonjwa. Sema kwa sauti, "nataka manjano yanisaidie na..." kisha umalizie.

Ukisema magoti, una la kusimamia. Jaribio moja la Australia lililotoka mwaka 2020 liliwachukua watu 70 wenye magoti yaliyosagika, wakafuatiliwa wiki 12. Waliopewa dondoo la manjano walipata nafuu ya maumivu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Lakini goti lilipopigwa picha, maji na uvimbe wa ndani vilikuwa vile vile. Maumivu yamepungua, goti halijapona. Kabla ya hapo, mwaka 2014, watafiti wa Thailand walilinganisha dondoo la manjano na ibuprofeni, dawa ya maumivu, kwa wiki nne kwa wagonjwa 367, na manjano hayakuachwa nyuma. Ndiyo maana nasema wale wanakemia walikaza kamba.

Ukisema tumbo, lile linalojaa na kuuma bila kidonda kuonekana, hapo pia pana kitu. Thailand tena, mwaka 2023: kurkumini ilishindanishwa na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa watu 206, na baada ya siku 28 nafuu ilikuwa karibu sawa.

Ukisema saratani, kusahausahau, au "kusafisha damu", sina kipimo cha kukupa, na anayekupa kipimo anakuuzia kitu. Hasa mwenye saratani asianze vidonge hivi kimyakimya wakati anapata matibabu.

Sasa hatua ya nne. Simamisha video. Nenda kalete dawa zako zote, za kila siku na za mara moja moja, uzipange mezani. Nakusubiri.

Umerudi? Anza na dawa za kuzuia damu kuganda. Kama kuna warfarini, kichupa hiki kirudi kilikotoka. Mwaka 2018, mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa tahadhari kuhusu mgonjwa wa warfarini aliyeanza bidhaa yenye manjano. Kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilipanda kupita 10 ndani ya wiki chache. Mtu wa namna hiyo anaweza kutokwa na damu asijue inatokea wapi. Aspirini ya kila siku na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda ziweke kundi hilo hilo. Na ukiwa na miadi ya upasuaji, vidonge viache wiki mbili kabla, halafu mwambie daktari kwamba ulikuwa unavitumia. Watu hawasemi. Wanaulizwa "unatumia dawa yoyote?" wanajibu "hapana", kwa kuwa wanaona manjano si dawa.

Dawa za sukari: sukari inaweza kushuka zaidi ya ulivyozoea. Vidonge vya madini ya chuma: kurkumini hushikana na chuma, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu anajirudisha nyuma mwenyewe. Aliyepandikizwa kiungo cha mwili, kama figo, asiguse kabisa. Mwenye mawe kwenye nyongo, kurkumini huubana mfuko wa nyongo, na kubana mfuko wenye mawe ni kutafuta maumivu. Mwenye historia ya mawe ya figo, manjano yana oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kujenga mawe hayo. Mjamzito abaki na kiasi cha chakula tu.

Tuje kwenye ini. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili: manjano ya jikoni, na manjano ya mgonjwa ambaye weupe wa macho umegeuka njano. Sikudhani siku moja vingekutana. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 10 ambao maini yao yaliumizwa na bidhaa za manjano. Watano walilazwa, mmoja akafariki. Saba kati ya hao 10 walikuwa na aina moja ya jeni, kwa hiyo wengine wetu tumezaliwa na hatari hiyo bila kujua. Italia iliona visa vya namna hiyo mwaka 2019, na mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo mwaka 2023. Ukilinganisha na idadi ya wanaovimeza, ni wachache. Lakini kama ini lako lilishawahi kuumwa, usijaribu.

Hatua ya tano, geuza kichupa usome nyuma. Swali ni moja: miligramu 500 za nini? Za unga, au za dondoo? Kama ni unga, kidonge kina miligramu 15 za kurkumini, nawe umelipia kijiko kisichojaa hata robo. Kama ni dondoo, tafuta asilimia. Kisha angalia kama kuna piperini, ile kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda kwa takriban mara 20. Kila muuzaji anaijua namba hiyo kwa moyo. Asichokwambia ni jinsi piperini inavyofanya kazi: inaipunguzia kasi njia ambayo mwili hutumia kuondoa kemikali, na njia hiyo ndiyo inayoondoa na dawa zako nyingine. Mlango ukifunguliwa, hauingii mgeni mmoja.

Hatua ya sita, jikoni. Hapa ndipo ninapopapenda, na hapa wengi wetu tungeweza kuishia. Mafuta kwanza, moto mdogo. Nusu kijiko cha unga kwenye mafuta, koroga mpaka harufu ya udongo ipotee, nusu dakika inatosha. Yakiungua yanakuwa machungu na huna cha kufanya zaidi ya kumwaga. Pilipili manga iliyosagwa, chini ya robo kijiko cha chai. Halafu endelea na chakula chako. Usiyachemshe saa nzima, sehemu ya kurkumini hupotea kwenye moto.

Neno kuhusu unga wenyewe: njano inayong'aa kupita kiasi si sifa. Bangladesh, wasagaji walikuwa wakichanganya kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili rangi ipendeze, na madini hayo ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi. Serikali ilipokamata na kutoza faini, mwaka 2021 ikawa sifuri. Jaribio letu la sabuni haliwezi kuigundua, wala jaribio lingine la nyumbani. Ni maabara tu. Nunua kwa mtu anayejulikana anakotoa mzigo wake.

Hatua ya saba ni ya yule aliyepita hatua zote na bado anataka vidonge kwa ajili ya goti. Sawa. Chukua kalenda. Andika tarehe ya leo, na uhesabu wiki 12 mbele, hapo andika "mwisho". Kila Jumapili jipe alama ya maumivu, sifuri hadi kumi, ukipanda ngazi zile zile. Usianze na dawa nyingine mpya wakati huo, la sivyo hutajua ni ipi iliyokusaidia. Meza pamoja na chakula chenye mafuta. Wiki ya 12 alama zikiwa hazijashuka, achana navyo. Usiongeze dozi.

Na katikati ya safari ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unawasha, chakula kinakuchefua, umechoka bila sababu, au macho yanaanza umanjano, acha siku hiyo hiyo uende ukapimwe ini, na kichupa ukiwa nacho mkononi. Kwa wengi walioumia, dalili zilikuja kati ya mwezi wa kwanza na wa nne. Wengi wao wakiacha, ini hurudi lenyewe.

Tumalizie na kitambaa. Kabla ya kuanza video nilikuwa nimekiacha kingine chenye doa kama hili dirishani, tangu asubuhi, juani. Tazama: ukingo wa doa umeshapauka, na katikati imebaki njano ya maziwa. Jua linaivunja kurkumini pia. Shati lako likichafuka, lifue, kisha lianike juani mpaka jioni. Na kopo la unga, hilo liondoe dirishani ulifungie kabatini.