Kulinda Neva Mgongo Unapopasuliwa
Mhadhara kwa wahudumu wa afya, Malindi

Wauguzi, matabibu, na nyinyi jamaa za wagonjwa, karibuni.

Mgema akianguka mnazini, au abiria wa bodaboda akivunjika mgongo, mara nyingi Malindi humpa rufaa kwenda Mombasa au Nairobi. Huko huenda akapasuliwa huku mashine ikifuatilia neva zake. Nataka mjue inavyofanya kazi, maana inategemea mliyoyafanya nyinyi huku.

Vipimo vikuu ni viwili. Cha kwanza ni cha hisia: neva ya kifundo cha mguu hushtuliwa kwa umeme mdogo, na elektrodi za kichwani, yaani waya za kusoma umeme wa mwili, husoma kama mshtuko umefika. Ishara ni hafifu mno, hivyo mashine hukusanya mamia ya mishtuko na kutafuta wastani. Jibu huchelewa. Cha pili ni cha misuli: umeme wa volti mia kadhaa hupitishwa kichwani, na misuli ya mikono na miguu huitika papo hapo. Kimoja hakitoshi. Mshipa wa damu wa mbele hulisha theluthi mbili za mbele za ugwe mgongo, kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo; ishara za kipimo cha hisia hupita nyuma. Ukiziba, kipimo cha hisia chaweza kubaki kizuri na mgonjwa akaamka hawezi kuinua mguu.

Daktari wa usingizi ahusishwe mapema. Dawa ya kulegeza misuli itumike wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia tu, kisha iachwe iishe. Gesi za usingizi hufifisha ishara. Afadhali propofoli na fentanili za mshipani. Shashi iliyokunjwa iwekwe kati ya magego, pande zote mbili, kwa kuwa umeme ukipita taya hubana na ulimi hujeruhika.

Ishara hupimwa kabla na baada ya kumlaza kifudifudi. Ile ya hisia ikipungua kwa nusu au ikichelewa kwa asilimia 10, au msuli uliokuwa ukiitika ukanyamaza, mikono ya mpasuaji isimame. Presha kwanza: wastani wake (MAP) upandishwe hadi 85 mmHg au zaidi. Kisha oksijeni, damu iliyopotea, joto la mwili, elektrodi iliyochomoka. Wakati huohuo mpasuaji atengue alichofanya mwisho: skrubu itoke, mvuto wa kunyoosha mgongo ulegezwe. Ishara isiporudi, mgonjwa huamshwa palepale mezani aambiwe asogeze miguu, kipimo kilichoelezwa na madaktari Vauzelle na Stagnara mwaka 1973.

Presha hiyo ugwe unaihitaji tangu chini ya mnazi. Shingo au kifua cha juu kikiumia, presha hushuka na mapigo ya moyo nayo hupungua. Tafuteni kwanza kama anavuja damu, hata tumboni, lakini jueni ugwe wenyewe unaweza kufanya hivyo. Mgeuzeni watu wanne au watano; anayeshika kichwa ndiye atoaye amri. Ubao mgumu ni wa kubebea tu. Akifika kitandani uondoeni, la sivyo ngozi ya matako huanza kufa ndani ya saa chache.

Na andikeni, tafadhali: saa aliyoanguka, mguu upi unasogea, kidole gumba cha mguu kinakunjuka au la, hisia inakomea wapi, kwenye chuchu, kitovu au kinena, na kama anahisi akiguswa njia ya haja kubwa. Rudieni kumpima kabla ambulensi haijaondoka. Karatasi ikisema tu "hawezi kutembea", ishara ikikosekana mezani tangu mwanzo, wapasuaji hawatajua kama ni jeraha la mnazini, ni jeraha la njiani, au ni waya uliochomoka.