Abdilla anayeenda misa: majina ya ukoo ya Wamalta

Haya, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, tuanze. Leo naongelea Malta, kile kinchi kidogo kusini mwa Sicily, kisiwa cha Italia, ila sio vita zake wala utalii wake, naongelea majina ya ukoo, maana sisi Waswahili tukiyasikiliza vizuri tunayaelewa kuliko Mzungu yeyote.

Chukua ukoo wa Abdilla, hiyo ni Abdalla kabisa, mja wa Mungu. Kuna Said, kuna Zahra, kuna Sultana. Ukisoma hayo utadhani uko Mombasa au Unguja, lakini wenyewe ni Wakatoliki toka enzi za mababu, Jumapili wako kanisani, na humo kanisani Mungu wanamwita Alla na Kwaresima wanaiita Randan, yaani Ramadhani ileile!

Ilikuwaje? Waarabu waliiteka Malta mwaka 870, Wanormani, Wakristo kutoka Ulaya, wakaja 1091, karne ya 13 Uislamu ukaondolewa kisiwani, lakini lugha haikwenda popote, watu wakaendelea kuongea Kiarabu chao na ndo Kimalta cha leo. Ipo orodha ya wanamgambo ya 1419 hadi 1420, mwanahistoria Godfrey Wettinger aliifanyia kazi kubwa sana, na mle ndani majina mengi ya leo tayari yapo.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye maandishi. Waliokuwa wanaandika majina ni mapadri na manotari, yaani waandishi wa hati za kisheria, waliosomea Kilatini na Kiitalia, kwahiyo sauti za Kiarabu wakazivalisha herufi za Kiitalia, na Kimalta kilipokuja kupata alfabeti yake miaka ya 1920 koo nyingi zikabaki na uandishi wa zamani. Fenech hiyo msisome "fenechi", ch ni k, ni fenek, sungura. Farrugia inatokana na farruj, kuku mdogo. Alafu Buttigieg, ile iliyowasumbua watangazaji wa Marekani kwenye uchaguzi wa 2020 kwa sababu ya Pete Buttigieg, aliyewania kugombea urais kwa chama cha Democrat, ambaye baba yake alizaliwa Malta: ukiipasua unapata bu, yaani abu, baba au mwenye, na tigieg, kuku wengi. Mwenye kuku. Hizo gi na g ni j yetu tu, japo ya mwisho wao wanaitamka kama ch, "butijiich". Mtu alifuga kuku miaka hiyo, jina likamganda yeye na wajukuu zake mpaka Washington.

Borg, jina lenye watu wengi kuliko yote kule, lina ubishi. Wapo wanaosema ni burj, mnara, wapo wanaosema ni borġ ya Kimalta, rundo la mawe. Mimi naegemea mawe kwa sababu mashamba ya Malta yamejaa mawe, ila sigombani na mtu. Na msichanganye na Borg ya Sweden, ile ni ya kwao kabisa.

Sio yote Kiarabu lakini. Vella na Pace yanatoka upande wa Sicily na Italia, Grech ni Mgiriki, na baada ya 1800 Waingereza nao wakaleta ya kwao.

Na hapa naomba mnisikilize sana: jina la ukoo sio damu. Enzi za Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wale wapiganaji wa shirika la Kikatoliki waliotawala Malta kuanzia 1530, kisiwa kilikuwa na watumwa Waislamu, na mtumwa akibatizwa mara nyingi alichukua jina la msimamizi wake wa ubatizo au la bwana wake. Kwahiyo mwenye jina la kizungu leo anaweza kuwa na babu wa Tunis, na mwenye jina la Kiarabu babu yake akawa Msicily.

Majina yenyewe ni machache na watu ni wengi, kijiji kimoja unakuta akina Joseph Borg chungu nzima, kwahiyo kila familia ina jina lake la mtaani, linaitwa laqam, na hiyo mshaitambua, ndo lakabu yetu. Ukifika kijijini ukiulizia kwa jina la kitambulisho utazunguka mchana kutwa, taja lakabu utapelekwa mpaka mlangoni.

Haya, maswali. Mama pale mbele anza.