Kababu za jibini kwenye rojo la vitunguu, kutoka jikoni Tanga

Assalam aleikum watazamaji wangu, karibuni uani kwangu hapa Ngamiani. Leo tunapika kababu za nyama zilizofichwa jibini katikati, tunazimalizia kwenye rojo la vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa vitamu kama asali. Jiko langu ni la mkaa, lakini la gesi pia linafaa, nitakuwa nawaambia pa kubadilisha.

Kabla sijawasha moto, niseme neno moja. Pishi hili ni la vitunguu. Nyama haina tabu, jibini halina tabu, ila vitunguu vinataka dakika 45 za kukaa navyo. Kama leo una nusu saa tu, pika kitu kingine, hili uliweke mpaka Jumamosi ukiwa umetulia.

Ladha hii chanzo chake ni supu ya vitunguu ya Ufaransa, ile wanayoifunika kwa mkate na jibini kisha wakaichoma juu. Wenzetu huko hutia mvinyo kwenye vitunguu vyao. Sisi humu tutatia ukwaju, na mkionja mtaona ulikuwa unatafutwa.

Haya, vitu vyetu. Nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo. Vitunguu maji kilo nzima, usishtuke, vitanywea. Jibini gramu 150. Slesi mbili za boflo, maziwa robo kikombe, yai moja. Thomu punje nne, kotmiri fungu dogo, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili manga, chumvi. Siagi vijiko viwili vikubwa na mafuta ya kupikia. Unga wa ngano kijiko kimoja kikubwa. Supu ya mifupa vikombe viwili, mimi niliichemsha tangu asubuhi. Na ukwaju kipande cha kama kidole gumba, uroweke sasa hivi kwenye maji ya moto kidogo.

Tuanze na nyama. Pale buchani mwambie akusagie mara mbili. Kijana wa bucha ninakonunua kila siku ananiuliza, "Mama, nikutolee haya mafuta?" Namwambia, "Acha mwanangu, mafuta yabaki kidogo." Nyama iliyosafishwa kabisa hutoa kababu kavu, inakwama kooni. Ukiweka nyama kilo moja, basi mafuta kama gramu 150 hadi 200 humo ndani yanafaa.

Jibini sasa. Chagua linaloyeyuka: mozarela, gauda au cheda. Mozarela huvutika nyuzi ndefu, cheda ina ladha kali zaidi, kwa hiyo mimi huchanganya, mozarela ndani na cheda juu. Sisi watu wa Tanga tumebahatika, maana kule Lushoto, shamba la Irente, wanatengeneza jibini lao wenyewe. Ukipanda mlimani rudi nalo. Panir usitumie, haiyeyuki hata ukeshe nayo. Na zile slesi laini za kwenye karatasi zinageuka maji mara moja zikatorokea kwenye rojo.

Kata mozarela vipande 16, kila kimoja upana wa sentimita moja na nusu, uvipange kwenye sahani na uviweke kwenye friza. Dakika 20 zinatosha. Jibini likiwa gumu kwa baridi, nyama itaiva kabla halijapata nafasi ya kuchuruzika. Nimeona watu wanaruka hatua hii kisha wanalalamika kababu zimepasuka.

Sasa vitunguu, na hapa naomba tuende taratibu.

Pale sokoni nashika kitunguu kimoja kimoja. Nataka ganda kavu linalotoa sauti ya karatasi, shingo iliyofunga, na kisiwe kimeanza kuchipua. Muuzaji wangu ameshanizoea, nikifika tu, "Shikamoo mama, leo pilau?" "Marahaba. Leo si pilau, leo nataka vikubwa." Vikubwa vinamenyeka haraka, na kilo moja inakuwa vitunguu saba au vinane tu. Vya kwetu vingi ni vyekundu, kwa hiyo rangi ya mwisho itakuwa ya kahawa yenye wekundu, siyo dhahabu mnayoiona kwenye video za nje. Ni sawa kabisa.

Kata kitunguu katikati, kutoka kichwani hadi kwenye mizizi, kisha ukikate vipande virefu kwa kufuata mistari yake. Angalieni hapa, mwanangu sogeza simu. Mnaiona hii mistari inayoshuka? Fuata hiyo. Ukikata kwa kupinga, unapata pete zinazosambaratika karaini. Unene kama milimita nne. Ukikata vyembamba sana vitaungua kabla havijalainika. Na noa kisu chako: kisu butu kinaponda kitunguu, na kikipondeka ndipo unapotoka ule mvuke unaouma macho.

Karai pana, siyo sufuria ya shimo. Siagi vijiko viwili na mafuta vijiko viwili, moto wa wastani. Kwenye mkaa, sambaza makaa yasirundikane katikati. Mimina vitunguu vyote, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi ili vitoe maji upesi, geuza mpaka vyote vipate mafuta. Funika dakika 10.

Niwaeleze kinachotokea, kwa sababu ukikijua hutahangaika. Kitunguu karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji. Maji hayo yakiwa bado yamo, karai haliwezi kupanda joto sana kupita nyuzi 100, na katika joto hilo rangi haipatikani. Kwa hiyo dakika 20 za mwanzo utaona kama hakuna kinachofanyika. Kinafanyika. Maji yanaondoka, na sukari iliyomo ndani ya kitunguu chenyewe inabaki na kukolea. Hatutii sukari hapa, hata punje.

Fungua sasa. Vimelegea, vimepoteza nusu ya kimo chake, na sauti ni ya kuchemka. Punguza moto, acha wazi, geuza kila baada ya dakika tatu au nne. Sikilizeni mabadiliko ya sauti: kutoka kuchemka kwenda kuchachatika kidogo kidogo. Hiyo ndiyo dalili kwamba maji yamekwisha, rangi inaanza. Harufu nayo inabadilika, ule ukali unaondoka, inakuja harufu kama ya ndizi mbivu iliyochomwa.

Najua wengi tumezoea vitunguu vya pilau. Vile ni mafuta mengi, moto mkali, dakika 10 vimekauka na vina kauchungu kanakofaa pilau. Hivi si hivyo. Hivi tunavitaka vibaki laini, vya kupaka kwenye mkate. Mara ya kwanza kupika pishi hili nilikuwa na wageni, nikaona nachelewa, nikachochea moto. Kingo zikawa nyeusi, katikati vibichi, rojo likatoka chungu. Nikatia sukari, uchungu haukuondoka. Nilimwaga vyote nikaanza upya, wageni wakala saa nne usiku. Tangu siku ile sichochei.

Vikiwa vinaendelea, tufanye kababu. Huku unageuza, huku unafinyanga.

Chambua boflo, toa ukoko, limwagie maziwa, liache dakika tano kisha uliponde kwa uma liwe kama uji mzito. Mchanganyiko huu ndio unaofanya kababu iwe laini, kwa sababu mkate unashika maji ya nyama yasikimbie inapoiva. Tia kwenye bakuli pamoja na nyama, yai, thomu iliyotwangwa, kotmiri iliyokatwa ndogo, bizari, chumvi kijiko kimoja cha chai, na pilipili manga. Pilipili manga saga mwenyewe saa hiyo hiyo. Inayolimwa huko Amani, wilaya ya Muheza, ni kali na ina harufu, ukitwanga punje kumi jirani anajua.

Changanya kwa mkono dakika mbili, mpaka nyama ianze kunata vidoleni. Isizidi hapo. Ukiikanda kama unga wa chapati, kababu zitakuwa ngumu kama mpira. Chukua kipande kidogo, kaanga, onja chumvi, kisha ndipo uendelee. Nyama mbichi haionjwi.

Lowesha viganja kwa maji. Chukua nyama ukubwa wa ndimu, ibonyeze iwe kama kijisahani kiganjani, weka kipande cha jibini kutoka kwenye friza, funga. Sasa angalieni kidole changu: napita juu ya mshono, naubana, kisha naviringisha polepole mara kumi au kumi na mbili mpaka sioni ufa. Ufa mdogo kama unywele, jibini litaupata. Ukiona ufa, lowesha kidole upakaze, uzibe. Zikitimia 16, ziweke kwenye friji zikae.

Turudi kwa vitunguu. Ni dakika ya 30 sasa. Mnaona chini ya karai pameshika utando wa kahawia? Ule ndio utamu, usiuache uungue. Tia vijiko viwili vya maji, ukwangue kwa mwiko, utando wote uingie kwenye vitunguu. Maji yatakauka, utando utashika tena, utarudia. Mimi hurudia mara tatu au nne, na kila mara rangi inashuka zaidi. Ukiona makaa yamezidi, inua karai pembeni kidogo.

Dakika ya 45, hivi hapa. Kilo nzima imebaki kama kikombe kimoja na nusu. Chukua kidogo kwa kijiko uonje. Kitamu, hakina ukali, kinayeyuka ulimini. Ukifika hapa kazi kubwa imekwisha.

Kaanga kababu kwenye kikaango kingine, mafuta vijiko vitatu, moto wa juu kidogo. Usizijaze, nane nane, zikibanana zitatoa maji na kuchemka. Ziache zishike rangi upande mmoja bila kuzichokoa, dakika mbili, kisha zigeuze kwa kijiko, siyo uma. Tunatafuta rangi tu, ndani zitaivia kwenye rojo. Zitoe.

Kwenye karai la vitunguu, nyunyiza unga kijiko kimoja, geuza dakika moja harufu ya unga mbichi itoke. Mimina supu kidogo kidogo huku unakoroga, vikombe vyote viwili. Kamua ukwaju, chuja, tia kijiko kimoja kikubwa. Onja. Vitunguu peke yake ni vitamu mno, ukishatia ukwaju ladha inasimama. Kama bado imelala, ongeza nusu kijiko.

Najua mkono wa mtu wa Tanga unakimbilia tui. Leo uzuie. Tui na jibini vinagombana, kimoja kinafunika kingine, na vitunguu ulivyovikalia karibu saa nzima vinapotea. Ukitaka ulaini, kijiko cha malai kinatosha.

Rudisha kababu, rojo lizifikie nusu. Funika, moto mdogo, dakika 12 hadi 15, zigeuze mara moja tu. Nyama ya kusaga lazima iive mpaka ndani. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71, asiye nacho atoe moja aipasue, nyama yenyewe isiwe na wekundu.

Sasa hatua ninayoipenda. Kwaruza cheda gramu 50, nyunyiza juu ya kababu. Wenye oveni, washeni moto wa juu dakika tatu. Sisi wa mkaa tunapalia: punguza makaa chini, funika karai kwa sinia la bati, weka makaa mekundu sita au saba juu ya sinia, kama unavyofanya mkate wa kumimina. Dakika nne. Usiondoke. Kwenye gesi, funika tu jibini liyeyuke, rangi hutaipata lakini ladha ipo.

Ondoa makaa kwanza, kwa koleo, majivu yasidondoke ndani. Haya, mwanangu njoo karibu na simu. Mnaona jibini lilivyotuna na kushika madoa ya kahawia, na rojo linavyochemka pembeni? Acha dakika tano, jibini la ndani sasa hivi linaunguza ulimi vibaya, na hasa kwa watoto.

Wali mweupe unafaa, chapati zinafaa. Kwangu mimi ni boflo la moto, ulimege kwa mkono. Pishi likibaki, weka kwenye friji, siku mbili halina neno. Kesho yake pasha kwa moto mdogo na supu kidogo, maana rojo litakuwa limeganda.

Napasua moja sasa. Tazameni. Uzi huo, unavutika mpaka hapa kwenye kifua changu, na haujakatika. Nipitishieni mkate.