Maji Matano ndani ya Mrututu

Walimu wenzangu, wanafunzi, karibuni.

Hiki nilichoshika ni kipande cha mrututu. Mliokulia kwenye mibuni mnaufahamu: wazee huuchanganya na chokaa, wakapulizia kahawa isishikwe na ukungu. Tazameni, nausugua kwenye karatasi na karatasi hailowi hata kidogo. Mkavu kabisa. Lakini katika kila gramu 100 za mrututu huu, gramu 36 ni maji. Maji hayo yamekaa wapi, na yameshikwa na nini?

Mrututu ni chumvi ya shaba na salfeti, na ubaoni tunauandika CuSO₄·5H₂O. Nukta ile ya katikati inapotosha wanafunzi wengi, na inaniuma. Mtu akiiona hudhani chumvi iko upande huu na molekuli tano za maji zimerundikwa upande ule, zote sawa. Haziko sawa. Mwaka 1934 wanasayansi Beevers na Lipson waliichunguza fuwele hii kwa eksirei, wakakuta molekuli nne zimeizunguka ayoni ya shaba, yaani atomu ya shaba yenye chaji, kama pembe nne za mraba, oksijeni zao zikiielekea. Ya tano haigusi shaba hata kidogo.

Basi inashikwa na nini? Ndani ya molekuli ya maji, oksijeni huvutia elektroni kwake, haidrojeni ikabaki na chaji chanya kidogo. Haidrojeni hiyo huvutwa na oksijeni ya jirani, na mvuto huo ndio kifungo cha haidrojeni. Ni dhaifu: kukivunja huhitaji kilojuli 20 hivi kwa moli, wakati kifungo cha O–H ndani ya molekuli yenyewe huhitaji kama 460. Ila kina mwelekeo. Nitazameni nikisimama hivi, miguu nimeitanua. Mikono yangu miwili ni haidrojeni, inashika majirani. Miguu ni zile jozi mbili za elektroni za oksijeni. Hapo majirani ndio wananishika mimi.

Molekuli ya tano hutumia viungo vyote vinne. Haidrojeni zake mbili zimeshika oksijeni za salfeti. Oksijeni yake nayo imeshikwa na haidrojeni za molekuli mbili kati ya zile zilizoizunguka shaba. Ni daraja kati ya shaba na salfeti, na limefungwa kwa vifungo dhaifu vitupu! Eksirei huiona haidrojeni kwa shida, kwa kuwa ina elektroni moja tu. Ndiyo maana ilibidi kusubiri nyutroni, chembe zisizo na chaji zitokazo kwenye kiini cha atomu: mwaka 1962 watafiti Bacon na Curry walizitumia kuonyesha kila haidrojeni imeelekea wapi.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba molekuli hii ya tano ndiyo hutoka mwisho mrututu ukipashwa moto, maana maji ya mwisho hayatoki mpaka nyuzi 200 hivi. Nami niliwahi kuamini hivyo. Si kweli. Fuwele hujipanga upya kila maji yanapotoka. Zikishatoka molekuli mbili za kwanza, tatu zinazobaki zote zimeshikamana na shaba. Na ile moja ya mwisho kabisa imeshikwa na shaba mbili kwa pamoja, ndiyo sababu inang'ang'ania. Nafasi ya yule wa tano, aliyeshikwa kwa haidrojeni peke yake, imeshapotea tangu hatua ya kwanza. Walimu, nawaomba tulirekebishe hili darasani.

Sasa sogeeni, lakini msiuguse. Mrututu ni sumu. Huu kwenye kijiko nimeusaga, na moto wa spiriti uko chini yake. Mnaona kingo zinavyopauka? Mvuke unatoka. Subirini... sasa wote umekuwa mweupe kama unga wa muhogo. Rangi ile ya buluu ilitokana na shaba ikiwa imezungukwa na maji. Maji yameondoka nayo.

Nauacha upoe. Haya, wewe binti wa mbele, chukua kidondoshi, dondosha tone moja tu la maji. Buluu imerudi! Shika mpini wa kijiko. Unasikia joto hilo? Ni vifungo vinafungwa upya.